Mwongozo kamili wa kumsaili muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi, kuanzia maswali hadi miezi yake ya kwanza kazini

Malalamiko ya wenye maduka ni yale yale. Kijana alikuja kwenye usaili amevaa vizuri, akaamkia kwa adabu, akajibu kila swali bila kusita, akapewa kazi. Mwezi haujaisha, haijulikani stoo ina nini, wateja wananung'unika, na fedha za droo hazilingani na risiti. Tajiri anamfukuza, anaita mwingine, anamsaili vile vile, na yale yale yanarudi.

Mara nyingi tatizo lilianzia kwenye usaili. Waliketi wakazungumza dakika ishirini, na mazungumzo yakapima ufasaha wa kuongea. Hesabu hayakugusa, wala stoo.

Mwongozo huu unahusu nafasi moja tu: muuzaji anayeshika pia fedha katika duka la vifaa vya ujenzi, liwe Mbagala, Mbeya mjini au Kahama. Nimechagua nafasi moja kwa makusudi, kwa sababu maswali ya jumla huleta majibu ya jumla. Kama una mgahawa au duka la vipuri, hatua ni hizi hizi; utabadilisha maswali na jaribio.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuita mtu yeyote

- Karatasi moja inayoeleza kazi halisi za nafasi hiyo
- Maswali sita yaliyoandikwa, yatakayoulizwa kwa kila mwombaji kwa mpangilio ule ule
- Karatasi za alama: kila msaili awe na yake kwa kila mwombaji
- Orodha ya mteja iliyoandikwa kwa mkono, karatasi ya bei, kikokotoo, na noti za kutosha kufanyia jaribio la chenji
- Msaili wa pili anayeijua kazi yenyewe, kwa mfano muuzaji wako wa siku nyingi
- Mahali patulivu pa kukaa, na simu zenu zikiwa kimya
- Nauli ya kumrudishia kila atakayekuja

Hicho cha mwisho usikiruke. Mtu asiye na kazi akikopa nauli kutoka Chanika kuja kwako, mrudishie hata kama hatapata nafasi. Na usimtoze mwombaji hata shilingi moja, iwe ya fomu au ya kitu kingine chochote. Matapeli wa ajira wamewaliza watu wengi kwa njia hiyo, na mwombaji makini akiombwa hela ataondoka.

## Hatua ya 1: Andika kazi, usiandike sifa

"Awe mchapakazi, mwaminifu na mchangamfu." Sentensi hiyo haikusaidii kuchagua, maana hakuna atakayesema yeye ni mvivu. Andika badala yake kile atakachofanya tangu asubuhi duka likifunguliwa hadi jioni likifungwa:

- Kusoma oda ya fundi na kuuliza pale isipoeleweka
- Kupiga hesabu ya bidhaa nyingi kwa pamoja, kupokea fedha, kutoa chenji na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi)
- Kuhakiki malipo ya lipa namba kabla ya mzigo kutoka
- Kukataa kukopesha bila kugombana na mteja
- Kuhesabu stoo na kusema ukweli pale hesabu inapopungua

Hayo matano ndiyo utakayoyapima. Kitu kisichomo kwenye orodha hiyo kisiingie kwenye uamuzi wako.

Hapa kuna kosa linaloumiza waombaji wengi wazuri: kumsaili mtu kwa Kiingereza kwa kazi itakayofanywa kwa Kiswahili kutwa nzima. Mafundi wako wanaagiza kwa Kiswahili na daftari lako limeandikwa kwa Kiswahili. Ukiuliza kwa Kiingereza, atakayeshinda ni aliyesoma shule ya Kiingereza, na nondo zako bado hazijapata mtu wa kuzihesabu.

Utajua umefaulu pale mtu asiyelijua duka lako atakaposoma karatasi hiyo na kukueleza siku ya muuzaji wako inavyokwenda.

## Hatua ya 2: Geuza kila kazi kuwa swali

Kuna aina mbili za maswali zinazofaa. Ya kwanza inauliza jambo lililokwisha kutokea: "Niambie siku ambayo..." Ya pili inampa hali na kumtaka aseme angefanya nini. Aina ya kwanza ina uzito zaidi kwa mtu mwenye uzoefu, kwa kuwa kisa kilichotokea kina siku, kiasi na watu, na unaweza kukichimba.

Maswali sita unayoweza kuanza nayo:

1. Niambie siku ambayo fedha ulizoshika hazikulingana na mauzo. Ilikuwaje, na wewe ulifanya nini?
2. Eleza mteja mgumu kuliko wote uliowahi kumhudumia. Alitaka nini, na mliachanaje?
3. Mteja anakuonyesha kwenye simu yake ujumbe kwamba amelipa 380,000 kwa lipa namba. Simu ya duka haijapokea kitu, na tayari wameanza kupakia mzigo kwenye bajaji. Unafanya nini?
4. Fundi anayeleta wateja wengi anaomba mifuko kumi ya saruji kwa mkopo hadi Jumamosi. Tajiri hapatikani kwa simu. Unamwambiaje?
5. Ni kazi gani uliyoanza bila kuijua kabisa? Ulijifunzaje, kwa nani?
6. Umewahi kuona mwenzako kazini akifanya jambo lisilofaa? Ulichukua hatua gani?

Mwombaji ambaye hajawahi kuajiriwa usimwache nje. Mwambie achukue kisa popote alipowahi kushika fedha au dhamana: kamati ya harusi, kikoba, kwaya, madrasa, genge la mama yake. Msichana aliyekuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya dada yake, akakusanya michango ya watu sabini na kuisoma hadharani kwenye kikao, anajua habari ya kuwajibika kwa fedha kuliko wengi wenye vyeti.

Tahadhari: epuka swali linalojibika kwa "ndiyo". Kwetu mtu mdogo hampingi mkubwa wake. Ukimuuliza "Unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo?", kijana aliyelelewa vizuri atasema "Ndiyo, mama" kwa heshima tu. Hakukudanganya. Swali lako ndilo halikumpa nafasi ya jibu lingine.

## Hatua ya 3: Andika jibu zuri kabla hujalisikia

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na bila hiyo alama unazotoa zinageuka kuwa hisia zilizovikwa namba. Tumia alama 1 hadi 4. Usiweke 5, kwa sababu namba ya katikati inakuwa kimbilio la msaili asiyetaka kuamua.

Kwa swali la kwanza, la fedha zilizopungua, karatasi inaweza kusema hivi:

- 1: Anasema haijawahi kumtokea ingawa ameshika fedha miaka mingi, au anamlaumu mwenzake bila maelezo.
- 2: Alijaza pengo kwa hela yake akanyamaza.
- 3: Alihesabu upya, akamweleza msimamizi siku hiyo hiyo.
- 4: Alifanya hayo, akalinganisha risiti na fedha hadi akapata chanzo, kisha akabadilisha namna ya kufanya kazi ili kosa lisirudi.

Angalia alama ya 2. Wengi wangeiona tabia hiyo kuwa uungwana, kwa sababu amelipa. Lakini muuzaji anayeziba pengo kimya kimya leo anakuficha tatizo, na siku atakayokosa cha kuzibia utalikuta limekua.

Kwa swali la lipa namba, jibu la alama 4 ni lile la mtu anayesimamisha upakiaji kwa upole, anasubiri ujumbe uingie kwenye simu ya duka au anaangalia salio la lipa namba, na hatoi mzigo kwa kuamini simu ya mteja. Ujumbe wa kughushi umeshawaingiza hasara wenye maduka wengi. Anayejibu "Nitamwamini kwa kuwa ni mteja wetu" mpe 1, hata kama amejibu kwa tabasamu zuri.

Njia hii si ushabiki wangu tu. Mwaka 2022 mtafiti Paul Sackett na wenzake walipopitia upya tafiti za miongo mingi kuhusu uteuzi wa wafanyakazi, usaili wenye mpangilio, yaani wa maswali yale yale kwa kila mtu na alama zilizoandaliwa mapema, ulipata uwiano wa 0.42 na utendaji wa mtu kazini (0 ni kutohusiana kabisa, 1 ni kulingana kabisa), ukiwa juu ya njia nyingine walizolinganisha. Usaili wa kuzungumza bila mpangilio ulipata 0.19. Hata hiyo 0.42 haikupi uhakika, na ndiyo maana jaribio la vitendo na simu kwa mwajiri wa zamani zinafuata.

## Hatua ya 4: Chuja na uwaite

Soma maombi yote ukiwa na karatasi ya Hatua ya 1 mkononi. Chagua watano au sita. Waite siku moja kama inawezekana, kila mmoja kwa saa yake, ukitenga dakika 60 kwa mtu. Kuwarundika wote saa mbili asubuhi ili wa mwisho aingie saa tisa, amechoka na ana njaa, ni kuharibu usaili wake kabla haujaanza.

Mwambie kila mmoja mapema kwamba kutakuwa na jaribio dogo la hesabu na oda.

Na mtoto wa shemeji je? Aje. Ila apite njia ile ile, maswali yale yale na jaribio lile lile, na asailiwe na yule msaili wako wa pili pamoja na mtu mwingine asiye wa ukoo. Ukimpa kazi kwa kuwa amestahili, wenzake watamheshimu. Akikosa, utakuwa na karatasi ya kumwonyesha shemeji, na hilo linapunguza uzito wa kikao cha familia.

## Hatua ya 5: Usaili wenyewe

Mpokee, mpe maji, itikia salamu yake, jitambulisheni. Mweleze kazi kwa dakika tatu na taja kiwango cha mshahara. Mtu anayeogopa hasemi anachokijua, kwa hiyo dakika hizo za mwanzo zina faida kwako pia. Kisha mwambie: "Nitakuuliza maswali sita. Nitakuwa naandika ili nisisahau ulichosema. Chukua muda wako kufikiri."

Uliza swali kama lilivyoandikwa, kisha nyamaza. Kimya kinawasumbua wasaili wengi, wakaanza kumsaidia mwombaji: "Yaani labda ulimwambia bosi?" Ukifanya hivyo umemjibia. Hesabu kumi moyoni kabla ya kuongeza neno.

Sikiliza neno "sisi". Vijana wetu wamefundishwa kutojisifu, na atakuambia "tulihesabu, tukagundua, tukarekebisha". Usimkate alama kwa unyenyekevu, na usimpe alama kwa kazi ya wenzake. Muulize: "Katika hayo, wewe mwenyewe ulifanya lipi?" Halafu chimba: ilikuwa kiasi gani, nani alikuwepo, ilichukua muda gani, mwishowe ikawaje. Kisa cha kweli kinazidi kupata maelezo kila unapokichimba. Cha kutunga kinarudia maneno yale yale.

Andika anachosema, usiandike unavyomwonea. "Alipungukiwa 42,000, alilinganisha na kitabu cha risiti, akakuta risiti moja imeandikwa mara mbili" ni kumbukumbu unayoweza kuitumia jioni. "Anaonekana mkweli" haikusaidii kitu.

Kuhusu macho: wengi hudai kwamba asiyekutazama usoni anaficha jambo. Kijana aliyekulia katika nyumba ya adabu anainamisha macho mbele ya mkubwa wake. Liache hilo nje kabisa ya alama.

### Maswali ambayo hupaswi kuuliza

Usimuulize kabila, dini, chama, kama ana mimba au anatarajia, kama ameolewa, ana watoto wangapi, wala hali yake ya VVU. Kwa Tanzania, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na kinamlinda hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Kenya nayo ina kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007.

Kama wasiwasi wako ni muda wa kazi, uliza muda wa kazi: "Duka linafunguliwa saa moja asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Kuna kitakachokuzuia?" Waulize hivyo wanaume na wanawake.

Mwisho mpe dakika tano aulize yeye. Ukiulizwa kuhusu likizo, NSSF au kwa nini muuzaji aliyepita aliondoka, jibu kweli.

## Hatua ya 6: Jaribio la dakika kumi na tano

Hapa ndipo utakapoona tofauti kubwa kuliko mahali pengine popote. Mpeleke kaunta, mpe karatasi ya bei, kikokotoo, na orodha iliyoandikwa kwa mwandiko wa fundi mwenye haraka:

*saruji 15*
*nondo 12 – 8*
*misumari inchi 4 – kilo 3*

Kwenye karatasi ya bei andika saruji ya 32.5 (namba hiyo ni daraja la nguvu yake) kwa 16,500 na ya 42.5 kwa 18,500, nondo ya milimita 12 kwa 24,000, misumari kilo 4,500. Hizi ni bei za jaribio. Weka za duka lako.

Wewe uwe mteja. Kwanza angalia kama atauliza kabla ya kupiga hesabu. Saruji ipi, ya 32.5 au 42.5? Ni ya lipu au ya zege? Na "nondo 12 – 8" ni nondo nane za milimita 12, au kumi na mbili za milimita 8? Anayeuliza amekuokoa na mzigo wa kurudishwa. Kama halijui jina la bidhaa lakini anauliza "Hii maana yake nini, kaka?", mpe alama zake. Majina ya bidhaa yanafundishika, lakini ujasiri wa kuuliza mbele ya mteja mwenye haraka ni mgumu kumpandikiza mtu.

Mjibu: saruji ya 32.5, nondo nane za milimita 12. Jumla inapaswa kuwa 453,000: saruji 247,500, nondo 192,000, misumari 13,500.

Sasa mvuruge kidogo, kama mteja wa kweli anavyofanya. Mpe 460,000 taslimu, na kabla hajatoa chenji mwambie: "Ah, punguza nondo mbili." Jumla mpya ni 405,000 na chenji ni 55,000. Tazama kama anaanza upya kwa utulivu au anakisia, kama anahesabu noti mbele yako kabla ya kuziweka kando, na kama anarekebisha karatasi ya mauzo au anaiacha na nondo nane. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndipo stoo na droo zinapoanza kutofautiana.

Alama zake zinaandikwa kwa utaratibu ule ule wa 1 hadi 4, na uzito wake uwe mara mbili ya swali la mdomo.

Tahadhari: jaribio lisigeuke kibarua. Kumweka mtu kaunta kutwa nzima akiwahudumia wateja wa kweli bila malipo ni kumdhulumu. Ukitaka kumwona kwa nusu siku, mlipe nusu siku.

## Hatua ya 7: Alama kwanza, maongezi baadaye

Mwombaji akitoka, kila msaili ajaze karatasi yake peke yake, kimya. Msizungumze mpaka mmeandika namba zote. Kisha anayeanza kutaja alama zake awe yule mdogo kwa cheo. Ukianza wewe mwenye duka ukasema "huyu nimempenda", muuzaji wako atakubaliana nawe hata kama alimwona akikosea chenji.

Mkitofautiana kwa alama mbili au zaidi kwenye swali moja, someni mlichoandika. Mara nyingi mmoja alisikia kitu ambacho mwingine hakukisikia. Msigawanye tofauti ili mambo yaishe.

Weka pia mstari usiovukwa: aliyepata 1 kwenye swali la fedha au la lipa namba haajiriwi kwa nafasi hii, hata jumla yake ikiwa kubwa kuliko ya wote. Uchangamfu haulipi pengo la droo.

## Hatua ya 8: Mpigie aliyemsimamia

Barua za sifa zina thamani ndogo, kwani hakuna anayebeba barua mbaya. Piga simu. Mwombe mwombaji ruhusa kwanza, na kama bado yuko kazini usimpigie mwajiri wake wa sasa bila yeye kukubali. Unaweza kumkosesha kibarua alichonacho. Kwa mwajiri wa zamani, tafuta namba ya duka lenyewe badala ya kutegemea uliyopewa tu, ili uwe na hakika unaongea na msimamizi na si binamu.

Uliza mambo machache: Alifanya kazi kwako kuanzia lini hadi lini? Alishika fedha? Alihitaji kusaidiwa wapi? Angerudi leo, ungempa kazi? Baada ya swali hilo la mwisho, sikiliza kimya kinachotangulia jibu. Watu hawapendi kumharibia mwenzao riziki, kwa hiyo "alikuwa kijana mzuri tu" iliyosemwa baada ya kusita inahitaji swali jingine.

Usimhukumu kwa lawama moja. Wapo matajiri wasiomsamehe aliyewahi kudai mshahara wake.

## Hatua ya 9: Ajiri, na uwajibu waliokosa

Mpe uliyemchagua maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi, mahali, saa, mshahara, muda wa majaribio. Miezi mitatu inatosha kwa kaunta. Mkubaliane mtakachoangalia kila mwezi. Mwezi wa kwanza awe anafunga hesabu ya siku bila kusaidiwa. Wa pili aweze kuhesabu stoo peke yake. Wa tatu afungue na kufunga duka. Chini ya sheria ya Tanzania, aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana ulinzi ule wa kuachishwa isivyo haki, lakini usitumie nafasi hiyo kumwacha gizani. Mwambie mapema pale anapokosea.

Waliokosa wapigie au watumie ujumbe ndani ya siku chache. Wa pili kwa alama mwambie wazi kwamba alikaribia na omba ruhusa ya kutunza namba yake, maana muuzaji wako anaweza kuondoka wakati wowote. Nakala za vitambulisho na maombi ya wengine usiziache zikizagaa kaunta. Ni taarifa zao binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Karatasi ya alama ya uliyemwajiri itunze. Miezi mitatu ikiisha, ichukue uilinganishe na ulichokiona kaunta. Swali ambalo waombaji wote walipata 4 halikuchuja mtu, liondoe. Swali ambalo alipata 2, na kweli amekuwa akihangaika nalo tangu aanze, libakize kama lilivyo kwa usaili ujao.